Ua la Usambara Sebuleni Dar

Ndugu zangu, asanteni kwa kuitika. Pitisheni kwanza chungu hiki cha ua la Usambara mpaka kwa waliokaa nyuma. Ligusieni jani taratibu: lina vinyweleo laini kama sikio la paka mchanga.

Wengi hulidhani ua la Ulaya. Hapana, hili ni letu. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, afisa wa Kijerumani huko Tanga, alipeleka mbegu zake kwa baba yake Ujerumani. Mwaka uliofuata Hermann Wendland akalipa jina la kitaalamu, Saintpaulia ionantha. Wajerumani mpaka leo wanalitaja kwa jina la Usambara, nasi wenyewe tunalinunua kama mgeni! Inaniuma sana.

Kwao, milima ya Usambara, linaota miambani, kwenye kivuli cha msitu, maji yakipita bila kutuama. Shikeni akilini picha ya mwamba huo, maana ninayoyasema yote yanatoka pale.

Jua la Dar linalibabua. Dirisha la mashariki lenye pazia jepesi linatosha. Linapenda nyuzijoto 18 hadi 27, nasi wakati wa kaskazi tunapita 30, kwa hiyo litafutieni chumba chenye hewa, lakini lisipigwe na kiyoyozi.

Udongo uwe mwepesi. Mimi nachanganya mboji, nyuzi za makumbi na chenga za mkaa. Makumbi yaliyofukiwa pwani yana chumvi, yasuuzeni mara nyingi. Chungu kiwe kidogo.

Sasa maji, na hapa ndipo wengi tunaliua. Siku moja nilirudi nimechoka, nikachukua maji ya friji nikayamwaga juu ya majani. Yakatoka mabaka meupe. Jani hili hapa ni mojawapo, litazameni: mpaka leo hayajafutika. Tumieni maji yaliyolala chumbani, myatie kwenye kisahani, chungu kinywe kwa chini kama nusu saa, kisha mabaki myamwage. Na mkiona majani yamelegea ilhali udongo umelowa, msiongeze hata tone. Hiyo si kiu, mizizi imeanza kuoza.

Nimewaletea majani mabichi kwenye ndoo ile. Kila mmoja achukue moja, akate kikonyo mshazari, abakize kama sentimita tatu, akichomeke kwenye mchanganyiko wenye unyevu. Baada ya miezi miwili hivi, chungulieni pale chini: vichipukizi vyenye majani madogo kama kucha ya mtoto vitakuwa vinajitokeza.