Shaba Moja au Mbili? Kuisaka Hali ya Mpito kwa Kompyuta

Walimu wetu na wanafunzi mliofika hapa Kampala, karibuni.

Azidi (yenye nitrojeni tatu mfululizo) na alkaini (yenye kaboni mbili zilizofungwa kwa bondi tatu) zikichanganywa bila kichocheo huunda pete ya triazoli, ila kizingiti, yaani nishati ya kufikia hali ya mpito iliyo kileleni mwa njia ya mmenyuko, ni takribani kilokalori 26 kwa moli. Utachemsha kwa saa nyingi, kisha upate mchanganyiko wa triazoli za 1,4 na 1,5 (namba za nafasi za vikundi vya pembeni kwenye pete). Ukitia shaba (I), kizingiti hushuka chini ya 20 na unapata 1,4 peke yake. Ukitaka 1,5, tumia rutheni.

Kosa kubwa hufanyika kabla hesabu haijaanza: kuchora kielelezo kisicho sahihi. Hesabu za mwanzo ziliweka atomu moja ya shaba. Mwaka 2013, jaribio lililotumia isotopu ya shaba-63 lilitoa ushahidi kwamba zinashiriki mbili. Kompyuta haitakuambia hilo. Itajibu kwa uaminifu kile ulichouliza tu.

Baada ya kuchora, sogeza nitrojeni ya mwisho ya azidi kuelekea ile kaboni ya asetilaidi (alkaini iliyopoteza hidrojeni yake na kufungwa na shaba) ambayo haijashikwa na shaba, kutoka angstromu 3.0, hatua ya 0.1 kila mara. Nishati ikifika kileleni, anzia hapo kutafuta hali ya mpito. Lazima upate frikwensi (ya mtetemo wa molekuli) hasi moja tu: ndiyo mwendo wa kuvuka kilele. Itazame ikicheza: ikiwa ni kikundi cha methili kinachozunguka, tupa, hata kama namba inapendeza. Kisha fuata njia pande zote mbili mpaka uone kweli inaunganisha vianzio na zao unalolidai. Wengi huruka hatua hii, na ndiyo inayotenganisha ushahidi na picha nzuri.

Frikwensi zilizo chini ya 100 kwa sentimita hukuza entropi (kipimo cha mtawanyiko) kupita kiasi katika hesabu. Zipandishe hadi 100. Molekuli mbili zikiungana kuwa moja, kuhama kutoka hali rejea ya atmosfia 1 (gesi) kwenda ya moli 1 kwa lita (myeyusho) kunapunguza kizingiti kwa kilokalori 1.89. Msidharau namba hizi. Kwenye nyuzi 25, kosa la kilokalori 1.4 hubadilisha kasi mara kumi.

Rutheni ni nzito: seti za def2 (fomula tayari za kuelezea elektroni) huziondoa elektroni zake 28 za ndani na kuweka potenshali (fomula ya athari yao) mahali pake. Shaba hubaki na zote 29.

Na umeme ukikatika? Hesabu ya frikwensi mara nyingi huwa ndefu, basi iendeshe peke yake, baada ya kunakili jiometri (mpangilio wa atomu) iliyokamilika pamoja na faili la obitali (maelezo ya elektroni) kwenye diski nyingine. Umeme ukirudi, unaanzia hapo.