Impela ya Kiwanda na Impela ya Kuiga: Mazungumzo na Wavuvi na Mafundi wa Wete

Assalaam alaykum wazee wangu, ndugu zangu wavuvi, na nyinyi vijana mnaojifunza ufundi wa mashine za boti.

Nimeombwa nizungumzie spea orijino na spea za kuiga. Mada hii ni pana, tukianza na plagi tutakesha. Nitashika kitu kimoja tu, impela ya pampu ya maji, yaani kile kigurudumu cha mpira chenye mabawa kinachovuta maji ya kupoza mashine, kwa sababu sisi wa magharibi ya Pemba tunavua mkondoni. Pale kina ni mamia ya mita. Mashine ikizima, nanga unaishusha kamba ikakwisha na chini haijagusa. Maji yale yanakwenda kaskazini, na msimu wa kusi upepo nao unasukuma huko huko. Kwa hiyo kipande cha mpira kinachoenea kiganjani kinanishughulisha kuliko mashine nzima.

Pampu imekaa kwenye mguu wa mashine, juu ya gia boksi. Impela imevaa shafti, na kijichuma kidogo chenye umbo la nusu mwezi kinaifunga ili izunguke pamoja nayo. Kikombe kinachoifunika kimekaa upogo kwa makusudi: upande mmoja kina nafasi, upande wa pili kinabana. Mabawa yakipita penye nafasi yanafunguka na kuvuta maji. Yakifika panapobana yanakunjika na kuyasukuma juu kwenye bomba mpaka kwenye silinda. Maji yasipofika, silinda inachemka, pistoni inatanuka, mashine inanoki. Basi, ndiyo habari yote.

Sasa madukani. Watu wanasema orijino na feki, lakini bidhaa ni za namna tatu. Ipo ya kiwanda kilichotengeneza mashine yenyewe. Ipo ya kampuni nyengine inayotengeneza spea za mashine za watu na kuziuza kwa jina lake waziwazi, kama Sierra ya Marekani. Na ipo iliyotengenezwa kusikojulikana, ikatiwa kwenye boksi lililochapwa Yamaha. Hiyo ya tatu ni wizi, na anayeiuza huku anajua anacheza na roho za watu. Ya pili sina ugomvi nayo. Gasketi na filta zake nitafunga bila wasiwasi. Kwa impela, mimi nasema nunueni ya kiwanda. Tofauti ya bei ni ndogo mno mbele ya pistoni na silinda, na mbele ya usiku mmoja wa kuchukuliwa na maji.

Boksi lakini msiliamini. Itoeni impela muishike. Kunja bawa kwa kidole gumba mpaka lilale, kisha liachie: linatakiwa lirudi wima hapo hapo. Likirudi kwa uvivu, mpira ni dhaifu. Likunje tena uangalie shinani, penye mwanga wa kutosha. Ukiona nyufa nyembamba, irudishe, hata kama ni ya kiwanda, kwa sababu mpira uliokaa miaka kwenye rafu yenye joto unakauka bila kufanya kazi hata siku moja.

Halafu tazameni hapa katikati. Kuna bushi ya chuma, na mpira umegandishwa juu yake. Shika mpira kwa mkono mmoja, bushi kwa mwengine, usokote kwa nguvu. Impela mbovu huachia hapa. Nawaomba vijana mlitie akilini hili, maana ndilo linalowazungusha mafundi wengi: unafungua pampu, mabawa yote yapo, yanang'aa, unairudisha na kuanza kutafuta ubovu kwengine. Kumbe bushi inazunguka na shafti, mpira umesimama. Maji hayapandi.

Tuje kwenye kufunga, na hapa nasema bila kumng'ata mtu sikio: impela nzuri iliyofungwa vibaya itakufa kabla ya mbovu iliyofungwa vizuri. Ukikuta bawa limekatika, usiweke impela mpya mpaka ukipate kile kipande. Kimepanda na maji, kitaziba njia ndani ya mashine. Pitisha kidole kwenye kikombe na kwenye sahani ya chuma iliyo chini yake. Mchanga ukishachimba mitaro, impela mpya haitabana, kwa hiyo na hivyo vibadilishwe. Paka maji ya sabuni, si girisi ya magari. Shusha kikombe taratibu huku unaizungusha shafti kuelekea inakozunguka, mwendo wa saa ukitazama kutoka juu, ili mabawa yalale nyuma. Unapoupandisha mguu, hakikisha bomba la maji limeingia kwenye mpira wake. Likikosa, kazi yote imeharibika na kwa nje huoni kitu. Bolti zipake girisi ya baharini, zisije zikagandana na aluminiamu kwa chumvi.

Na jamani, acheni kuiwasha mashine nchi kavu "kuisikiliza tu". Impela inapozwa na kulainishwa na yale maji inayoyavuta. Bila maji, sekunde chache zinatosha kuichoma, kisha lawama anabebeshwa muuza duka.

Aliyeniuliza kabla hatujaanza, afanye nini mashine ikiacha kutema maji akiwa baharini: zima hapo hapo, usisubiri moshi. Inua mguu utazame matundu ya kuvutia maji. Mara nyingi ni mfuko wa plastiki au mwani. Safisha, choma matundu kwa waya mwembamba, teremsha, washa, utazame nyuma. Isipotema, zima, usiiwashe tena. Twekeni tanga, na asiye na tanga ndani ya chombo chake aanze kulitafuta kesho asubuhi.