Kidonge Kikishamezwa Huenda Wapi?

Ndugu zangu, asanteni kwa kuacha shughuli za Jumamosi mkaja. Nimeshika kidonge cha Septrin, ambayo ni antibiotiki, yaani dawa ya kuua bakteria. Wengi humu mnakijua, na wapo wanaokimeza kila siku kwa maagizo ya daktari. Kina miligramu 400 za salfamethoksazoli na 80 za trimethoprimu. Je, kikishamezwa huenda wapi?

Hakiishii mwilini. Sehemu kubwa hutoka na mkojo, nyingine imebadilika, nyingine bado ni dawa vilevile. Wenye vyoo vya kuvuta maji huipeleka kwenye mtambo wa majitaka wa Bugolobi, hapa Kampala. Kwa wenye vyoo vya shimo mabondeni, mvua kubwa ikinyesha mashimo hufurika, na yote huingia mtaro wa Nakivubo. Simama pale mvua ikikatika utazame: maji meusi, povu, makavera ya plastiki. Yanapita kwenye mafunjo, na mafunjo yenyewe tumeyafyeka tukapanda magimbi, kisha yanaingia Ghuba ya Murchison ya Ziwa Viktoria. Ggaba, tunakochota maji ya bomba, ipo kwenye ghuba hiyohiyo.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulipima maji ya Ziwa Viktoria upande wetu wa Uganda. Salfamethoksazoli ilifika hadi nanogramu 5,600 kwa lita, na nanogramu milioni moja ndizo miligramu moja. Tupige hesabu kabla ya kushtuka. Ili upate salfamethoksazoli ya kidonge hiki kimoja, utakunywa zaidi ya lita 71,000 za maji hayo ya ziwa. Kwa lita mbili kila siku, ni karibu miaka 98! Shirika la Afya Duniani nalo lilieleza mwaka 2012 kwamba dawa kwenye maji ya kunywa kwa kawaida huwa chini ya dozi ndogo kabisa ya tiba kwa zaidi ya mara elfu moja. Kwa hiyo asitoke mtu hapa akaacha dawa zake. Nawaomba sana.

Hofu yangu ni bakteria. Wao hawangoji dozi kamili. Wakikaa kwenye dawa hafifu mwaka mzima, wanyonge hufa, sugu hubaki wakazaana, tena hupeana huo usugu. Halafu mtoto anaugua, anapewa dawa, homa haishuki.

Mitambo yetu ya maji ya bomba haikujengwa kwa kazi ya kuondoa dawa. Shabu hutuliza tope, mchanga huchuja, klorini huua vijidudu. Ozoni na mkaa maalumu hupunguza dawa nyingi, ila ni ghali. Kuchemsha nako hakuondoi dawa, lakini msiache kuchemsha, maana kipindupindu hakijatuaga.

Mwaka jana nilimsaidia shangazi yangu kuhama. Chini ya kitanda tulikuta mkebe wa majani ya chai umejaa antibiotiki zilizoachwa nusu, na chupa ya dawa ya mtoto imeganda. Akaniambia, "Mwanangu, hizi nilitaka kuzitumbukiza chooni." Choo chake kiko hatua kumi na tano kutoka chemchemi ambayo mtaa mzima huchota.

Dawa za namna hiyo zirudisheni kituo cha afya mkaulize watazipokeaje. Ukiandikiwa siku saba, meza siku saba. Na usinunue vidonge viwili vya antibiotiki dukani kwa sababu ya mafua. Havitibu mafua, na mabaki yake yataishia Nakivubo.

Haya, maswali. Mama wa pale mbele, wewe uliinua mkono kwanza.