Huduma ya Linux Imegoma Baada ya Sasisho: Tuutazame Uzio wa systemd

Karibuni tena, watazamaji wapendwa. Hii ni seva yangu ya Debian, ambayo jana usiku niliisasisha, na asubuhi programu ya kutunza orodha ya bidhaa, inayoendeshwa na huduma niliyoipa jina la ghala.service, ikakataa kuwaka. Namna ya kufungua terminali na kuingia kama msimamizi sitaionyesha.

Tunaanza na systemctl status ghala, na mnaona imeandikwa 226/NAMESPACE. Maana yake ni kwamba systemd, yaani programu inayowasha na kusimamia huduma za Linux, imeshindwa kuujenga uzio unaoitenga huduma hii na sehemu nyingine za mfumo, kwa hiyo programu yenyewe haijapata hata nafasi ya kuanza, na kuhangaika na mipangilio yake ni kupoteza muda. Ingekuwa 31/SYS, ningekwenda kukagua SystemCallFilter, mpangilio unaochuja maombi ambayo programu inaruhusiwa kupeleka kwa kiini cha Linux.

Sasa tusome kumbukumbu za huduma tangu seva iwake, kwa journalctl -u ghala -b. Samahanini, naona kwenye kamera maneno yamekatika ukingoni. Ninabonyeza kishale cha kulia, na lile lililojificha ndilo tulilokuwa tukilitafuta: folda ya /var/lib/ghala/picha haipo.

Kwa systemctl cat ghala, inayoonyesha faili la mipangilio ya huduma, tunaona kilichobadilika. Toleo jipya limeleta ProtectSystem=strict, inayozuia kuandika popote isipokuwa /dev, /proc na /sys, kisha likaruhusu folda hiyo moja kupitia ReadWritePaths, ilhali picha zangu zimekaa /srv/ghala tangu siku ya kwanza.

Ili kuongeza mipangilio yetu, tunaandika systemctl edit ghala. Hapa naomba mtulie. Faili linalofunguka lina maelezo mawili yenye alama za reli (#), na mistari yenu lazima ikae kati ya maelezo hayo, kwa sababu chochote kilicho chini ya yale ya pili hutupwa. Mimi niliwahi kuandika chini kabisa, nikahifadhi, nikawasha huduma mara saba, na nusu ya usiku ikaisha nikimlaumu fundi wa mtandao asiye na kosa. Andikeni juu, si chini. Ninaandika [Service], halafu ReadWritePaths= ikiwa tupu ili kufuta orodha ya zamani, halafu ReadWritePaths=/srv/ghala. Mkiusahau ule mstari mtupu, folda isiyopo itabaki kwenye orodha na kosa litarudi lile lile.

Wako wanaotanguliza alama ya kutoa (-) mbele ya jina la folda ili folda isiyopo irukwe. Mimi siipendi njia hiyo hapa, kwani huduma itawaka na kuanguka baadaye itakapotaka kuhifadhi picha. Kuzima ProtectSystem ndiyo kabisa sitaki. Ni sawa na kubomoa ukuta kwa sababu ufunguo umepotea.

Kabla ya kuwasha, hakikisheni kwa systemctl show -p ReadWritePaths ghala. Je, maandishi yenu yalikuwa juu? Inaonyesha /srv/ghala peke yake, vizuri. Sasa systemctl restart ghala, na ninapakia picha ya gunia la mchele kuona kama inahifadhiwa. Imeingia.