Mabaka, kinga ya mwili na kesi ya samaki kwa maziwa

ZUHURA: Saidi leo naanza mie. Jumamosi tulikuwa kwenye arobaini kule Tanga, yule binti wa dada yangu mwenye mabaka meupe ya ngozi kapakua pilau, bi mkubwa mmoja kaisogeza sahani pembeni, eti mbalanga inaambukiza.

SAIDI: Astaghfirullah. Mtoto yupo?

ZUHURA: Kasimama na sinia! Halafu anamgeukia dada, "si uliambiwa usichanganye samaki na maziwa na mimba yako?"

SAIDI: Hilo hata bibi yangu analo, akiona samaki changu na mtindi meza moja anaondoa kimoja.

ZUHURA: Haliambukizi, na chakula hakimo. Seli zinazotengeneza rangi, melanosaiti, zinauliwa na kinga ya mwili wenyewe, zile seli T za CD8, askari wa kinga wa kuua seli, zikishaingia kwenye ngozi zinamwaga intaferoni gama, kemikali ya kupeleka amri, ngozi nayo inatoa kemikali ya kuita seli T zingine, zinakuja, zinaita zingine tena, baka ndo linapanuka hivyo.

SAIDI: Na tui je?

ZUHURA: Tui limefanyaje?

SAIDI: Si jeupe kama maziwa? Pwani nzima tunakula samaki wa kupaka, Lamu mpaka Kilwa, basi tungekuwa na mabaka wote!

ZUHURA: Haa! Ungekuwepo umjibu.

SAIDI: Ningemuuliza na papa wa nazi anamweka wapi. Sasa mbona watu wanatibiwa, wanaacha dawa, linarudi palepale?

ZUHURA: Kuna seli T zinabaki pale pale kwenye ngozi, zina kumbukumbu.

SAIDI: Basi awahishwe. Marekani 2022 wamepitisha krimu ya ruksolitinibu, kuanzia miaka 12, inazuia JAK, ule mlango intaferoni inapopitishia amri. Krimu ikiwa mbali kuna mwanga wa UVB, aanzie kwa madaktari wa ngozi hospitali ya KCMC Moshi.

ZUHURA: Ana miaka 13 na hajaomba. Na baka lake lipo vidoleni, rangi inarudi ikianzia kwenye vinyweleo, ncha za vidole hazina vinyweleo, hapo rangi hairudi kirahisi.

SAIDI: Usoni je? Uso unaitika vizuri.

ZUHURA: Usoni hajalalamika! Tukimkimbiza hospitali wiki hii hii aliyosogezewa sahani ataelewa yule bi mkubwa alikuwa sahihi.

SAIDI: Huu ni ugonjwa Zuhura, kinga inaua seli. Angekuwa na pumu ungesubiri aombe?

ZUHURA: Pumu inakata pumzi. Baka halimuumi.

SAIDI: Lakini tezi ya shingo apimwe, hiyo wenye mabaka inawapata zaidi.

ZUHURA: Kupimwa tezi sawa, sipingi. Krimu aamue mwenyewe.

SAIDI: Dakika mbili zimebaki na tulipanga mambo matatu, jua, tezi na maswali ya wasikilizaji.

ZUHURA: Tuyaache, tui limekula kipindi.

SAIDI: Mi bado nasema apelekwe.

ZUHURA: Aulizwe kwanza.

SAIDI: Mnauliza, baka linatembea.