Kivuli cha Nguzo, Mabawa ya Kumbikumbi

(Mhadhara kwa wakulima na wanafunzi, kusini Unguja, mwanzoni mwa Oktoba)

Assalamu alaykum. Wazee wangu, walimu wenzangu, wanangu wa skuli, ahsanteni kwa kuja na jua hili.

Nimeombwa nizungumze juu ya majira. Nitazungumza juu ya ua wangu, maana majira nimeyajua hapo. Nina minazi sita, mwembe mmoja mkongwe, mdimu, mshelisheli, na konde la muhogo na kunde nyuma ya nyumba. Nchi yetu ni ya mawe, mnaijua. Udongo umekaa kwenye mashimo ya mawe, kidogo hapa, kidogo pale. Mvua ikikawia siku kumi, majani ya kunde yanatwambia kabla ya redio.

Kila mwaka nasikia watu wakisema, "Majira yameharibika." Na mimi nilikuwa nikisema hivyo hivyo. Siku hizi nikilisikia neno hilo huuliza: lipi lililoharibika? Jua, upepo, baridi au mvua? Maana dalili tunazoziona uani hazimtii bwana mmoja. Mti huu unasikiliza baridi, mdudu yule anasikiliza mvua, na ukizichanganya zote kwenye kapu moja hutajua ni kipi kilichochelewa na ni kipi kilichokuja kwa wakati wake.

Nianze na jua, kwa kuwa halijanidanganya hata siku moja. Uani kwangu pana nguzo ya banda la zamani, imesimama wima. Mwezi wa Juni, saa sita mchana, kivuli chake hulala upande wa kusini, kwa kuwa jua liko kaskazini yetu. Disemba hulala kaskazini. Baina ya safari hizo zipo siku mbili kwa mwaka ambazo jua hupita utosini barabara na nguzo haina kivuli: moja mwanzoni mwa Machi, na moja karibu tarehe 9 Oktoba, yaani wiki hii tuliyo nayo. Mvua zetu mbili huja nyuma ya siku hizo. Jua likiwa utosini, nchi na bahari hupata joto, hewa hupanda, pepo za kusini na za kaskazini hukutana, mawingu yakajengeka. Lakini bahari haipati joto kwa siku moja. Kwa hiyo jua la Machi tunalipata kama masika ya Aprili, na jua la Oktoba kama vuli ya Novemba. Jua lina siku yake. Kinachoyumba ni zile wiki za kungojea.

Wazee walikuwa na hesabu yao. Mwaka wao huanza Nairuzi, ile siku ya Mwaka Kogwa hapo Makunduchi. Siku 365 wakazigawa miongo 36 ya siku kumi kumi, zikabaki tano. Babu yangu hakuwahi kusema atapanda mwezi fulani. Alisema mwongo wa ngapi. Nairuzi ni neno la Kiajemi, limekuja na pepo hizi hizi za biashara, nasi tumelifanya letu. Ila hesabu hii haina ile siku ya nyongeza ya Februari, basi kila miaka minne inalitangulia jua kwa siku moja. Miaka mia ikipita, siku 25 hivi zimekwenda. Nairuzi ya leo iko Julai; ya babu wa babu yangu ilikuwa Agosti. Anayerithi namba ya mwongo peke yake anapanda mapema kuliko aliyemrithisha, na hana habari.

Wazee hawakuishia kwenye namba. Walitazama juu: "Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua." Jaribuni wenyewe. Mwishoni mwa Aprili zile nyota zilizokusanyika huzama magharibi jioni, masika yakiwa yamepamba moto, kisha hupotea. Mwezi wa Juni huzuka mashariki alfajiri, mbingu safi, kipupwe kimeingia. Nimesimama mara nyingi kabla ya adhana ya alfajiri nikizitafuta juu ya paa la jirani, na nakwambieni kweli, kila nikiziona moyo wangu hufurahi kama nimepokea mgeni.

Sasa mvua, na hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa hapa ndipo nilipopata hasara.

Mwaka mmoja, Oktoba, ilinyesha mvua nzuri usiku kucha. Asubuhi nchi inanukia, vyura wanalia, majirani wameshashika majembe. Nikapanda mbegu yote ya kunde niliyokuwa nayo. Ikaota. Kisha jua likawaka wiki tatu, na mimea ile nikaiona ikikauka mmoja mmoja. Bibi mmoja wa mtaani, mtu mzima sana, alikuja akatazama konde, akaniuliza swali moja tu: "Kumbikumbi uliwaona?" Nikakumbuka kwamba sikuwaona.

Tangu hapo nawangojea. Kumbikumbi hawatoki kwa kila tone. Kichuguu changu kiko nyuma ya mshelisheli. Mvua ikiwa imeloweza ardhi kwenda chini hasa, na hewa imetulia, nzito, hazipiti jioni nyingi utaona matundu madogo yamefunguliwa ubavuni mwa kichuguu. Askari wenye vichwa vikubwa husimama mlangoni. Kisha wenye mabawa wanaanza kutoka, wanasukumana, wanapanda juu ya majani, wanaruka kwa uzito kana kwamba bado hawajajifunza. Wanafuata taa. Watoto wanatega karai la maji chini ya taa. Asubuhi baraza imejaa mabawa, mepesi, yanapeperuka ukipita na ufagio, na wenye mabawa hayo wameshaingia ardhini wawili wawili kuanza nyumba mpya. Mdudu huyu anahitaji udongo laini wa kuchimba. Mbegu yangu inahitaji udongo huo huo. Ndiyo maana ushahidi wake nauchukua, na wa vyura siuchukui, kwa sababu chura anaridhika na dimbwi la usiku mmoja. Jongoo naye huwa namwandika, lakini baada ya kumbikumbi.

Upepo una shahidi mwengine. Wakati wa tanga mbili, upepo wa kusi ukishakata na wa kaskazi haujashika sawasawa, huingia makundi ya kereng'ende wa rangi ya dhahabu. Huzunguka juu ya uwanja mchana kutwa bila kutua. Mwanabiolojia Charles Anderson, aliyekuwa akiishi Maldivi, aliandika mwaka 2009 kwamba kereng'ende hawa hutoka Bara Hindi, hupita visiwa vile mwezi wa Oktoba, na huivuka Bahari ya Hindi mpaka Afrika ya Mashariki wakibebwa na upepo. Hutaga kwenye madimbwi ya mvua, na mabuu yao hukua kwa wiki chache tu kabla dimbwi halijakauka. Mdudu wa urefu wa kidole amepita njia ya majahazi! Wanangu, msiwarushie mawe.

Mwembe hausikilizi mvua kama mnavyodhani. Unasikiliza kipupwe. Ubaridi wa usiku na ardhi iliyokauka kidogo ndivyo vinavyousukuma utoe maua badala ya majani mapya. Kisha huja mchoo, ile mvua ndogo ya Julai na Agosti. Mchoo ukiwa mwepesi, hakuna neno. Ukizidi, maua hupata ukungu, huwa meusi na kupukutika, na embe za Disemba zimekwisha hapo hapo. Kwa hiyo mwaka embe zikiwa haba, msiilaumu vuli. Rudini nyuma muangalie Agosti ilikuwaje.

Na mnazi? Mnazi hauna msimu, unazaa mwaka mzima, na kwa sababu hiyo watu hawautazami. Mimi nautazama kuliko mti wowote. Mnazi wenye afya hutoa kuti jipya karibu kila mwezi, na kila kuti lina karara lake kwapani. Simama chini uangalie juu: upunga, chini yake vidaka, kisha kitale, dafu, koroma, mpaka nazi iliyokauka. Tangu upunga mpaka nazi ni kiasi cha mwaka mmoja. Basi mwaka mzima umening'inia pale, umepangwa mwezi kwa mwezi. Mwaka 2022 vuli ilikawia. Ng'ambo Dar es Salaam maji yakatoka kwa mgao mwezi wa Oktoba. Kwangu, vidaka vilianguka vingi wakati ule, lakini uhaba wa nazi niliuona mwaka uliofuata, mvua ikiwa imesharudi na kila mtu ameshasahau. Mkwezi alinilalamikia kuwa minazi imezeeka, akataka kuikata. Nikamwonesha daftari.

Daftari lenyewe ni la kawaida, la skuli. Naandika tarehe, upepo unakotoka, na kitu kimoja kipya nilichokiona. Na nina kopo, lenye kuta zilizonyooka kutoka mdomoni mpaka chini, nimelifunga kwenye kigingi mbali na paa na miti. Kila asubuhi natia rula. Milimita moja kwenye kopo ni lita moja kwenye kila mita mraba ya konde. Vuli ya 2019 nilikuwa nalimwaga asubuhi na jioni. Mwaka ule upande wetu wa Bahari ya Hindi ulikuwa na joto kuliko upande wa Indonesia, na hali hiyo ikitokea vuli huwa nzito. Wazee wetu hawakuwa na njia ya kuijua hiyo. Sisi tunayo, wataalamu wa hali ya hewa wanaitangaza mapema, tuisikilize. Lakini utabiri unasema juu ya kanda nzima. Kuhusu shimo lako la udongo baina ya mawe mawili, mtangazaji ni wewe.

Nimeshasema mengi na Magharibi inakaribia. Siku ya tarehe 9 nitakuwa uani kwangu tangu saa sita kasoro. Kivuli kitatoweka saa sita na dakika kama kumi. Atakayetaka aje na fimbo iliyonyooka na kipande cha uzi wenye jiwe, tuisimamishe wima tuone sote. Kisha tutazunguka nyuma ya mshelisheli tukakiangalie kichuguu. Jana kilikuwa bado kimefungwa.