Kinywa cha Mzee Asiyetoka Nyumbani

Ndugu zangu mnaouguza wazee, leo asubuhi mmemwogesha, mmetandua shuka, mmempa dawa za presha. Nani amechungulia kinywani mwake? Naona mikono michache.

Tunangoja alalamike, na wengi hawalalamiki. Mzee aliyepoteza kumbukumbu hatakwambia jino linamuuma. Atasukuma kijiko, atashikashika shavu, atakuwa mkali kila ukifika mlo, nasi tutasema uzee umemfanya msumbufu.

Halafu kuna dawa. Nyingi anazomeza, za presha, za mzio, za sonona, hukausha mate, na mate ndiyo yanayosuuza meno na kupunguza makali ya asidi. Yakipungua, meno huoza upesi, hasa pale fizi iliposhuka ikaacha mzizi wazi, kwa sababu mzizi hauna lile ganda gumu la juu. Na sisi kwa huruma tunampa pipi amumunye, koo lisikauke!

Ila kinachonitisha mimi zaidi ni mapafu. Mgonjwa wa kiharusi anayepaliwa ovyo huvuta mate yaliyojaa bakteria hadi mapafuni, na nimonia huweza kuanzia hapo. Japani, utafiti katika nyumba za wazee uliochapishwa mwaka 2002 ulionyesha kuwa waliosafishwa kinywa kila baada ya mlo waliugua nimonia kwa uchache kuliko wenzao.

Basi tushike mswaki. Mkalishe wima, kidevu kiinamie chini kidogo; asilale chali hata kidogo. Simama ubavuni mwake, kichwa chake kiegemee mkono wako. Mswaki uwe mdogo, laini, dawa yenye floraidi ipakwe nyembamba tu, povu lisije likampalia. Vuta shavu taratibu kwa kidole, hasa upande uliopooza: chakula hujificha humo naye hahisi, na tonge la mchana unaweza kulikuta usiku. Kidole kisipite katikati ya meno. Atakung'ata, wala si kwa ubaya. Asiye na meno naye husafishwa fizi na ulimi.

Meno ya bandia yatoke usiku. Yaoshe kwa sabuni na mswaki juu ya beseni lenye maji, yakiponyoka yasivunjike, kisha yalale majini. Dawa ya meno huyakwaruza. Ukiona kaakaa jekundu chini yake, huenda ni fangasi; mwonyeshe daktari.

Mtaniuliza: tutambebaje hadi kliniki? Mara nyingine hakuna haja. Kuna njia ya kukwangua uozo kwa vifaa vya mkono na kuziba tundu bila umeme wala mashine. Ilianzia Tanzania miaka ya 1980, na inafanyika hata kitandani. Ipo pia dawa ya kupaka yenye madini ya fedha na floraidi, ambayo Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2021. Husimamisha uozo, ingawa huacha doa jeusi. Kwa mzee asiyeweza kustahimili kiti cha daktari, mimi ningelikubali doa hilo. Mwulizeni daktari wa meno kama anaweza kuja nyumbani.

Akija, mpangieni mezani kila pakiti ya dawa. Za kuzuia damu kuganda msizikatishe wenyewe. Na kama mzee anachomwa sindano za kuimarisha mifupa, semeni kabla jino halijang'olewa, maana baadhi yake huweza kufanya taya likatae kupona.